Radi ya Nne na Vikapu vya Mviringo

Mtu mmoja alikuwa na mashine ya kusaga, na katika bonde lao hapakuwa na nyingine iliyoitangulia. Jina lake Gwakisa, fundi wa chuma, mwenye mikono inayojua na masikio yasiyojua. Kabla yake wanawake wa bonde lile walitwanga. Walitwanga alfajiri, walitwanga wakiwa na mimba, walitwanga na homa, na walipozeeka waliketi kizingitini wakiwatazama mabinti zao wakitwanga. Gwakisa aliliona jambo hilo akaona kwamba linaweza kukoma. Namsifu hapa kabisa, kwa sababu mbele sitamsifu.

Nawaambia habari hii, wanakamati wenzangu, kwa ajili ya kelele zenu za Jumapili, mlipoizunguka ile kompyuta ambayo kanisa letu lilipewa msaada. Katibu wetu, Tumwanukye, aliwaeleza vizuri kwamba haijafa. Alisema ile prosesa yake, kile kipande kidogo kinachofanya hesabu zote mle ndani, ni ya ukoo uliokoma. Ukoo huo ulitangulia, na enzi zake ulishinda wengine wote kwa mbio, lakini leo hakuna anayeutengeneza wala anayeuandikia programu. Mkaguna. Mzee mmoja akamfokea Tumwanukye kana kwamba yeye ndiye aliyeuua: inakuwaje kilichotangulia, na kilicho bora, ndicho kife? Haya, kaeni, nitamjibu mimi.

Mashine ile ya kwanza Gwakisa aliiita Radi. Ilikuwa injini kuukuu, mkanda, na pipa la chuma lenye nyundo ndani, zinazozunguka na kuyapiga mahindi mpaka yawe unga. Juu ya pipa palikuwa na mdomo wa kumiminia. Mwanzoni mdomo huo ulikuwa tundu tu lililokatwa ovyo, na nusu ya mahindi ilimwagika chini, kuku wakashiba kuliko watu. Wanawake walitazama, wakacheka, wakarudi kwenye vinu vyao. Gwakisa akakaa juu ya jiwe amejishika kichwa. Ndipo mkewe, Subilaga, alipoingia ndani akatoka na kikapu chake cha ndoa.

Mjue kwamba katika bonde lile msichana akiolewa, shangazi yake humsukia kikapu cha mianzi, cha mviringo, chenye ukingo mgumu kama mfupa. Hakiuzwi wala hakiazimwi. Ukubwa wake ni ule ule nyumba zote, maana kila shangazi hupimia kikapu chake mwenyewe, na shangazi wa shangazi alipimia hivyo hivyo. Mahindi ya nyumba hupimwa kwa kikapu hicho, na msiba huchangiwa kwa kikapu hicho. Hata mwanamke akirudi kwao kwa ugomvi, hubeba mtoto mgongoni na kikapu kichwani, mengine humwachia mume akae nayo.

Subilaga alikiweka kikapu kwenye lile tundu akasema, "Kata chuma kifuate ukingo huu." Gwakisa akakata. Tupa aliyokuwa akilainishia chuma ilimteleza ikauchubua ukingo, ikaacha alama, na Subilaga akamtukana kidogo kama inavyostahili. Lakini kikapu kilikaa juu ya mashine kama mfuniko juu ya chungu chake. Kikiinamishwa, mahindi yalishuka yenyewe bila punje kupotea, na mwenye kikapu aliweza kuketi akamnyonyesha mtoto. Habari ikaenda. Kabla mvua hazijaanza, vinu vya kutwangia viligeuka viti vya kuku.

Miaka hiyo ilikuwa mizuri, sitasema uongo. Mafundi walivuka milima kuja kuitazama Radi, wakainama, wakachungulia, wakapima kwa vidole, wakarudi kwao. Vijiji vya mbali, ambavyo havikuwahi kusuka kikapu cha namna ile, vilianza kusuka kwa kipimo cha bonde ili viweze kusagisha kwa Gwakisa. Seremala alitengeneza vigoda vya kukalia vikapu hivyo. Mfinyanzi alifinyanga mitungi yenye shingo ya kuvipokea. Kila kitu kilipangwa kuzunguka mdomo ule wa mviringo, na Gwakisa alipopita njiani watu walimpisha. Wakimwita "Baba Radi", hakukataa.

Lakini fundi akisifiwa sana hupata ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ni kusikia mashine tu. Gwakisa alikaa karibu na Radi akaisikiliza, akagundua kwamba mahindi yakishuka kwa upana, nyundo za pembeni hupiga hewa. Ni kweli, zilipiga hewa. Akatengeneza Radi ya Pili, yenye mdomo mwembamba wa mraba, ili punje zishuke mahali pamoja na kila nyundo ipate kazi yake. Ikasaga mara dufu. Kwa upande wa chuma hakukosea hata kidogo, na hicho ndicho kinachoniudhi mpaka leo. Mjinga akikosea unamsamehe unaendelea na safari. Mwenye akili akikosea, anakosea kwa ushahidi, na huna pa kumshika.

Wanawake walifika na vikapu vyao. Vikayumba juu ya ule mraba, vikamwaga.

"Baba, havikai," wakamwambia.

"Sukeni vipya," akawajibu, bila kuinua kichwa.

Wakasuka. Ndiyo, walisuka, kwa sababu walimpenda na hawakusahau kinu. Mashangazi wenye vidole vilivyovimba waliketi wakasuka vikapu vya mraba, vitu vibaya, vinavyovuja kwenye pembe na visivyokaa kichwani isipokuwa kwa kushikiliwa na mkono. Vile vya mviringo wakavipandisha darini. Hakuna aliyevitupa, maana ungemtupaje shangazi yako? Wakaenda kwa Radi ya Pili, wakasaga upesi, wakarudi mapema nyumbani wakiwa na hasira kidogo. Gwakisa aliona jinsi walivyorudi mapema. Ile hasira hakuiona.

Vile vikapu vya mraba havijapata hata rangi ya moshi, akaja na Radi ya Tatu. Hiyo mdomo wake ulikuwa ufa mrefu kama wa sanduku la sadaka. Na zaidi ya hapo ilitaka mahindi yachaguliwe kabla ya kuletwa: punje kubwa peke yake, ndogo peke yake, pumba isionekane. Gwakisa alieleza sababu. Mashine inayochagua na kusaga kwa wakati mmoja ni mashine nzito, alisema, na mashine nzito huchelewa. Basi kuchagua kufanyike nyumbani, mashine ibaki na kusaga tu. Sikilizeni ujanja huo. Kazi ya kuchagua aliitoa kwenye mashine akairudisha jikoni kwa mtu, kisha akajisifu kwamba mashine yake ni nyepesi. Bila shaka ni nyepesi! Hata mimi, nikikutwisha mzigo wangu, nitakushinda kwa mbio.

Mwanamke husuka upya mara ya kwanza kwa mapenzi, mara ya pili husuka kwa hasira, na mara ya tatu hasuki.

Sasa, Gwakisa alikuwa na mdogo wake, Lusekelo. Msije mkamweka Lusekelo kwenye mahubiri yenu, nawaonya mapema. Alikuwa mvivu, mwenye maneno mengi, anayelala jua limechomoza na kuamka akiuliza chakula kiko wapi. Kazi yake kwa kaka yake ilikuwa kufagia pumba, na hata hiyo aliifanya kwa kuisogeza tu upande mwingine. Siku Radi ya Tatu ilipoanza kazi, ile Radi ya kwanza ilikuwa imetupwa uwanjani, upupu umeota mpaka kwenye mkanda. Lusekelo akaitazama akasema, "Kaka, hii utaifanyia nini?"

"Ichukue," akasema Gwakisa. "Utakuwa umeniondolea aibu uwanjani."

Lusekelo akaifunga nyuma ya ng'ombe wa kuazima, akaiburuta mpaka darajani. Akaiwasha. Ikakohoa, ikatoa moshi, ikasaga polepole kama mzee anayetafuna karanga, na unga wake ulinuka dizeli. Lakini mdomo wake ulikuwa mviringo. Wanawake wakapanda darini, wakavishusha vikapu vyao, wakakung'uta buibui, wakateremka darajani. Mwanzo walikwenda wale wasiokuwa na mtu wa kuwachagulia mahindi. Halafu wakaenda na majirani zao. Halafu ikawa mtu akienda kwa Gwakisa anaulizwa njiani kama amepotea.

Gwakisa alicheka. "Waache wale moshi," akasema. Miezi ikapita, hakucheka tena, akaanza kueleza. Mungu wangu, jinsi alivyoeleza! Alisimama sokoni, alisimama msibani, alimsimamisha mtu mwenye mzigo kichwani, akamwambia habari za nyundo na hewa na upana wa kushuka kwa punje. Na yote aliyosema yalikuwa kweli. Watu walimsikiliza kwa heshima, wakasema, "Kweli, baba," wakajitwika vikapu vyao wakateremka darajani. Jioni alimwambia mkewe, "Hawa watu hawajui kilicho bora." Subilaga akamjibu kwamba wanajua kilicho chao. Hakusikia, alikuwa anatia mkanda mafuta.

Kule darajani nako foleni ikawa ndefu, na foleni ndefu ya wanawake wenye njaa si kitu cha kuchezea. Walimtukana Lusekelo mpaka jina la mama yake, ambaye ndiye mama wa Gwakisa pia. Lusekelo akalazimika kufikiri, jambo ambalo hakulizoea. Mdomo hakuthubutu kuugusa, wangempiga. Na msidhani ilikuwa hekima. Alikuwa mvivu wa kukata chuma, na aliwaogopa. Basi akafanya ujanja wake chini ya mdomo, ndani, mahali pasipoonekana. Akatia mfereji unaoanza kwa upana na kuishia kwa wembamba, ili punje zishuke mahali pamoja kama katika Radi ya Pili. Akatia chekeche linalotikisika, likawa linachagua kubwa na ndogo lenyewe, kazi ile ile ambayo Radi ya Tatu iliwaachia watu nyumbani. Mawazo yote mawili ni ya kaka yake. Aliyaiba waziwazi, na alipoulizwa alisema, "Si ya ukoo?" Mashine ikaanza kukimbia. Mama aliyeinamisha kikapu chake juu hakujua kilichobadilika chini, wala hakukuwa na sababu ya kujua. Kikapu kilikaa, unga ukatoka.

Ikafika siku ambayo Gwakisa alibaki na mteja mmoja mkubwa tu, shule ya bweni ya wasichana kule kilimani. Shule hiyo ndiyo iliyoifanya injini yake inywe dizeli. Bila shule, nyumba ya Radi ilikuwa ya kufungwa. Na desturi ya shule ile ni kwamba kila msichana, akirudi kutoka likizo, huja na kikapu cha mahindi kutoka kwao. Kikapu kipi? Mnakijua. Mpishi mkuu, Mama Anyelwisye, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, alikuwa akipokea vikapu vya mviringo, anamimina chini kwenye turubai, anachagua punje na wasaidizi wake mpaka migongo inakataa kunyooka, anajaza masanduku membamba ya Gwakisa, kisha ndipo anakwenda kusaga kwa mbio. Mbio hizo! Siku nzima ya kuchagua, ili mashine imalize kabla hujapiga chafya.

Mama Anyelwisye akaja kwa Gwakisa kabla ya mavuno. Alikaa, akakubali maji, akasema kwa upole ambao haukuwa kawaida yake: "Baba, sisi tunakupenda. Ulitutoa kwenye kinu. Hiyo mpya unayoitengeneza, iwekee mdomo wa mviringo, tutabaki na wewe. Usipouweka, mavuno haya tunateremka darajani. Nimekuja kukuambia mwenyewe usije ukasikia kwa watu."

Alipoondoka, Subilaga alisema na mumewe. Hakulia, maana hakuwa mtu wa kulia. Alimwita kwa jina la mtoto wao, akasema, "Baba Ambwene, weka mdomo ule. Ukitaka, mbio zako zitie ndani, nani atakukataza?"

"Niiharibu mashine kwa ajili ya kikapu?"

"Ile ya kwanza uliikata kwa kikapu changu."

"Wakati ule nilikuwa sijui kitu."

"Wakati ule ulikuwa unajua kuuliza," akasema Subilaga.

Gwakisa akainuka akaenda zake karakanani. Kesho yake akamchukua ng'ombe wa maziwa wa Subilaga, akambadilisha kwa chuma kizuri, chuma kisichopatikana bondeni, cha kutengenezea nyundo mpya. Mke hakuulizwa. Akajifungia akafua, akachonga, akapima, chakula kikawa kinapitishwa dirishani na kurudi kimepoa. Alipotoka alikuwa amekonda, macho yanawaka, na nyuma yake palikuwa na Radi ya Nne.

Akaileta siku ya soko. Bonde zima lilikuja, hata wa darajani, hata Lusekelo mwenyewe na kipande cha muwa mdomoni. Nitasema kweli: kitu kama kile hakijaonekana kabla wala baada. Gwakisa aliyamimina mahindi mwenyewe, yaliyochaguliwa na yeye mwenyewe, kwa kopo la bati alilolitengeneza mwenyewe. Mchungaji wa kanisa lao alikuwa ameanza kuwaamkia watu. Kabla hajafika kwenye kuuliza habari za nyumbani, gunia lilikuwa unga. Na unga wenyewe! Laini kama poda ya mtoto, baridi, haunuki kitu. Watu walipiga makofi. Wanawake walipiga vigelegele vya kweli, si vya adabu. Mafundi walivua kofia. Lusekelo aliutoa muwa mdomoni akasahau kuurudisha. Gwakisa alisimama katikati yao akiwa na unga kwenye nyusi, akalia mbele za watu, na Subilaga, nyuma ya umati, akamtazama akathubutu kutumaini.

Kisha Mama Anyelwisye akasogea mbele na kikapu chake kichwani. Akauliza pa kumiminia. Gwakisa akamwonyesha. Palikuwa na matundu membamba yaliyojipanga, kila tundu na ukubwa wake wa punje, na punje zilitakiwa zitiwe kwa zamu, kila tundu na zamu yake. Ukikosea zamu, nyundo zinasimama. Gwakisa akaeleza yote hayo kwa furaha ya mtu anayemwonyesha mgeni mwanawe. Mama Anyelwisye akasikiliza mpaka mwisho. Akakishusha kikapu, akakiweka juu ya yale matundu, taratibu, kama mtu anayemjaribisha marehemu kofia. Kikayumba. Akakidaka kabla hakijamwaga.

Akasema, "Mashine yako haina kosa hata moja, baba. Wenye kosa ni sisi, tuliokuja na vikapu."

Akajitwika, akageuka, akateremka kwenda darajani. Wengine wakamfuata. Na hapa ndipo ninapotaka kuwapiga wote kwa mwiko: waliisifu njia nzima. Walisifu unga, walisifu mbio, walisema hakuna fundi kama Gwakisa chini ya jua. Walipofika kwa Lusekelo waliendelea kumsifu Gwakisa huku wanainamisha vikapu vyao kwenye Radi ya kwanza. Hakuna hata mmoja aliyemchukia. Angechukiwa, pengine angeshtuka. Walimpenda wakamwacha, naye akayasikia makofi peke yake.

Nyumba ya mashine ikafungwa kabla mavuno hayajaisha. Radi ya Nne ikasimama humo, imefunikwa gunia, kuku wakarudi kwenye kazi yao ya zamani. Ukafika wakati Lusekelo akapanda kutoka darajani akiburuta ng'ombe wa maziwa. Alisimama uwanjani akajikuna, akasema, "Kaka, zile nyundo. Zangu zimechakaa, tubadilishane." Gwakisa alikuwa amekaa juu ya lile jiwe lake la zamani. Subilaga ndiye aliyetoka ndani, akamtazama ng'ombe meno na kiwele, akaishika kamba. Basi nyundo za Radi ya Nne zikateremka darajani, zikafungwa chini ya mdomo wa mviringo, mahali pasipoonekana, na mpaka leo bonde lile linasaga kwa nyundo za Gwakisa. Watoto waliozaliwa baadaye wanasema "unga wa Lusekelo". Hawana kosa. Nani atawaambia?

Siku moja unga uliisha nyumbani kwa Gwakisa. Subilaga akapanda darini, akakishusha kikapu chake cha ndoa, akakifuta, akajaza mahindi, akateremka akapanga foleni kama mwanamke mwingine yeyote. Hakuna aliyemcheka. Walimpisha, akakataa kupishwa. Alirudi akasonga ugali, akauweka mbele ya mumewe. Gwakisa akamega tonge, akasita. Akausugua ugali kwenye kidole gumba kama mtu anayepapasa kitambaa.

"Hizi ni nyundo zangu," akasema.

"Ni zako. Kula."

"Mahindi umeyapelekaje?"

Subilaga akakisukuma kile kikapu kwa mguu mpaka mbele yake. Gwakisa akakichukua mapajani. Akapitisha kidole kwenye ukingo, pole pole, akizunguka, mpaka kidole kikakwama penye mchubuko wa tupa. Akabaki ameshika hapo. Ugali ukapoa.

Sasa nyinyi mliomfokea Tumwanukye. Mmekaa hapo mnasikitika, mnasema, maskini fundi, watu hawakumwelewa. Walimwelewa sana! Walimwelewa kuliko alivyowaelewa wao, na walimsubiri kuliko alivyostahili. Na msinijie baadaye kuniuliza mdomo ni nani na kikapu ni nini. Mna meno, tafuneni. Waliotengeneza ile prosesa hawakuwa wajinga. Huenda kazi yao inaendelea hata leo ndani ya hizo simu mnazobonyeza kanisani wakati wa mahubiri mkidhani hamuonekani, na hamjui, kama watoto wa bonde lile wasivyojua. Nasi tusijifanye watazamaji. Kamati hii imeshabadilisha saa za ibada, imebadilisha vitabu, imebadilisha namna ya kupokea wageni, na kila mara ilikuwa na sababu nzuri iliyoelezwa vizuri, na kila mara tulipiga makofi. Viti vitupu vya nyuma mnaviona. Waliokuwa wamekaa pale hawakugombana na mtu. Walitusifu, wakachukua vikapu vyao.

Gwakisa angeweza kuzitaja hata usingizini nyundo zote za Radi zote nne, uzito wake na urefu wake. Je, nanyi mnakumbuka kile mlichotengeneza mwanzo mlikipimia kikapu cha nani?